Jinsi ya Kuweka Mwanga wa Kamera ya Video Unaporekodi Michezo Juani

Video ni ile ile kila mara. Uwanja unang'aa, mistari ya pembeni ni myeupe kama chokaa mbichi, na wachezaji wamekuwa vivuli vinavyokimbia. Namba ya jezi unaisoma, uso wa aliyefunga huuoni. Au ni kinyume chake: uso unaonekana, lakini jezi nyeupe imeungua mpaka mikunjo na namba zimeyeyuka.

Nimeombwa kurekebisha rekodi nyingi za namna hii, na wengi walioniletea walikuwa wanafikiria kununua kamera nyingine. Kamera zao hazikuwa na kosa. Zilipima wastani wa kila kilichokuwa ndani ya fremu, zikaufanya wastani huo uwe kijivu cha kati, kama zilivyoundwa. Fremu ya mchezo wa juani ina mbingu, mchanga au zege linalomeremeta, na katikati yake mtu mmoja mdogo. Kamera inapima uwanja, wewe unamtaka mchezaji.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inaitegemea iliyotangulia. Ukianzia katikati, utarudi mwanzo wakati mchezo umeshaanza.

## Vitu vya kuandaa

- Kamera ya video inayokuruhusu kuweka kwa mkono tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) na geini (nguvu ambayo kamera inaongeza kwenye picha kwa umeme). Kama yako ni ya skrini ya kugusa tu, nimeiandikia sehemu yake mwishoni.
- Filta za ND, yaani vioo vya kijivu vinavyopunguza mwanga bila kubadili rangi. Kamera kubwa huwa nazo ndani, zimeandikwa 1/4, 1/16 na 1/64. Kama yako haina, tafuta za kufunga mbele ya lenzi, zenye kipenyo kinacholingana na ukingo wa lenzi yako.
- Kikinga jua cha lenzi, na kitambaa laini cha kuifutia.
- Kitambaa cheusi cha kujifunika wewe pamoja na skrini, kama kamera haina kijicho cha kutazamia.
- Tripodi imara.
- Kadi ya kijivu. Usipokuwa nayo, kiganja chako kitaifanya kazi hiyo.
- Betri za ziada, kalamu na karatasi.

Kuhusu ND za kuzungusha, zile zinazoongeza giza kadiri unavyozigeuza: zinafaa, lakini usizifikishe mwisho. Karibu na mwisho wake zinatoa doa jeusi lenye umbo la msalaba katikati ya picha, hasa ukiwa hujavuta lenzi, yaani hujakuza vya mbali (zoom).

## Kipimo kimoja cha kukumbuka: stopu

Stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba za f: kutoka f/4 kwenda f/5.6 umepunguza stopu moja, na kutoka f/5.6 kwenda f/8 umepunguza nyingine. Namba ikipanda, tundu linakuwa dogo. Shata ikitoka 1/100 ya sekunde kwenda 1/200 umepunguza stopu moja. Geini ikipanda desibeli 6 umeongeza stopu moja. ND ya 1/4 inakula stopu 2, ya 1/16 stopu 4, ya 1/64 stopu 6.

Hesabu yote ya mwongozo huu iko katika aya hiyo. Iandike kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 1: Fika mapema uchague upande

Kabla ya kugusa kitufe chochote, tazama kivuli chako. Kikiwa kimelala mbele yako kuelekea uwanjani, au kimepinda kidogo kulia au kushoto, uko pazuri: jua liko mgongoni na nyuso zinazokuelekea zina mwanga. Kivuli kikiangukia nyuma yako, basi unalitazama jua, na kila mchezaji atakuonyesha upande wake wa giza.

Jiulize pia jua litakuwa wapi mchezo utakapoisha. Katika saa mbili jua husogea nyuzi 30 kwenye njia yake, na ikiwa ni alasiri litakuwa limekaribia kukuchoma machoni. Niliwahi kufunga tripodi mahali palipokuwa pazuri sana saa nane mchana. Ilipofika saa kumi na nusu, nusu ya picha ilikuwa ukungu mweupe, na nisingeweza kuhama kwa sababu watu walikuwa wamejaa pande zote.

Funga kikinga jua na ufute lenzi. Vumbi ambalo ndani ya nyumba hulioni, jua likilipiga hugeuka utando unaopausha picha nzima, na hakuna mpangilio wowote wa kamera utakaouondoa.

Ikiwa huna hiari na lazima urekodi ukilielekea jua, panda juu kidogo, kwenye ngazi au jukwaa, uielekeze kamera chini. Majani au sakafu ijaze nyuma ya wachezaji badala ya mbingu. Kubali mapema kwamba nyuso zitapimwa katika kivuli chake na kwamba kile kipande cha mbingu kitakachobaki kitaungua.

Onyo: usiielekeze lenzi kwenye jua lenyewe, hasa ikiwa umeivuta. Lenzi hukusanya jua kama kioo cha kukuzia, na kihisio cha kamera kinaweza kuungua kweli kweli. Kwenye kijicho cha kutazamia cha kioo kitupu, hata jicho lako liko hatarini.

## Hatua ya 2: Zima otomatiki zote zinazopingana nawe

Kamera nyingi zina otomatiki kadhaa zinazofanya kazi pamoja bila kukujulisha. Ukiweka tundu la lenzi kwa mkono huku geini imebaki otomatiki, wewe unapunguza mwanga na kamera inaurudisha. Mwishowe picha haijabadilika, ila imejaa chenga.

Zima kwa mfuatano huu: geini otomatiki (kwenye menyu mara nyingi huandikwa AGC), shata otomatiki, fidia ya mwanga wa nyuma, halafu hali ya usiku inayopunguza kasi ya shata yenyewe. Hii ya mwisho husahaulika kwa sababu mchana inaonekana haihusiki. Geini iweke desibeli 0. Kamera nyingine hushuka mpaka -3 na picha husafika zaidi, lakini baadhi yake hupoteza nafasi upande wa weupe, ndiko hasa tunakoihitaji juani. Mimi hubaki 0.

Hapo hapo, iondoe rangi kwenye otomatiki. Chagua alama ya jua, au 5600K (kipimo cha rangi ya mwanga) kama kamera inakubali namba. Usipofanya hivyo, kila timu yenye jezi nyekundu ikijaza fremu, majani yatabadilika rangi.

Utajua umefaulu hivi: elekeza kamera mbinguni mbali na jua, kisha uishushe polepole mpaka ardhini. Namba za tundu, shata na geini zisicheze hata moja. Picha ikiwa nyeupe kupita kiasi juu na nyeusi chini, ndivyo inavyotakiwa. Ikijirekebisha yenyewe, kuna otomatiki umeisahau. Rudi kwenye menyu.

## Hatua ya 3: Weka shata, kisha usiiguse tena

Shata ndiyo inayoamua mwendo utaonekanaje. Wengi huifanya bomba la kupunguzia mwanga: jua likizidi wanaipandisha mpaka 1/2000. Matokeo yake ni mchezo unaokatikakatika, mpira unatoka hapa unatokea pale bila kuonyesha njia uliyopita. Kamera iliyoachwa otomatiki kabisa hufanya hivyo hivyo juani, na ndiyo maana rekodi nyingi za mchana zinachosha macho hata kama mwanga wake ni mzuri.

Rekodi kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde kama kamera inaweza. Kisha chagua shata kulingana na mtazamaji wako:

Kwa kutazama tu, 1/100 kwenye fremu 50 au 1/120 kwenye fremu 60 hutoa mwendo laini. Kwa mbio, mpira wa miguu au mpira wa mikono, mimi hupenda 1/250. Miguu inabaki na ukali wake, na mwendo haujaanza kukatika. Kocha anayetaka kusimamisha fremu aone mguu ulikanyaga wapi anahitaji 1/500 hadi 1/1000, naye hatajali mwendo ukikatika kidogo.

Onyo: kama uwanjani kuna mabango ya elektroniki au taa zinazowaka mchana, rekodi sekunde chache kwanza. Ukiona mistari inatembea au mwanga unapepesa, rudi kwenye shata inayopatana na umeme wa nchi: 1/50 au 1/100 mahali penye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 mahali penye hezi 60.

## Hatua ya 4: Tumia ND mpaka tundu likae kati ya f/4 na f/5.6

Sasa shata na geini zimefungwa, na mwanga bado ni mwingi mno. Anayeanza huziba tundu mpaka f/11 au f/16. Kwenye kamera ya video yenye kihisio kidogo, hilo linaharibu picha. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika kingoni, na picha yote inalainika kana kwamba imekosa fokasi. Utahangaika na fokasi mchezo mzima ilhali tatizo ni tundu. Tena tundu dogo huonyesha kila punje ya vumbi iliyoko kwenye kioo cha mbele, hasa ukiwa hujavuta lenzi.

Ukilifungua mpaka mwisho nako kuna taabu. Lenzi nyingi za kamera za video hupoteza mwanga unapozivuta: inayoanza na f/1.8 inaweza kuishia f/2.8 au zaidi. Ukiwa f/1.8 kisha ukamvuta mchezaji wa mbali, picha inaingia giza katikati ya shambulizi. Ukikaa f/4 au f/5.6, kwa lenzi nyingi huna wasiwasi huo, na bado una nafasi ya kufungua au kufunga jua likibadilika.

Hesabu ni nyepesi. Chukua kamera ambayo kwenye geini 0 ina wepesi wa kupokea mwanga sawa na ISO 400 (ISO ndicho kipimo cha wepesi huo). Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwenye jua kamili la mchana tumia f/16 na shata sawa na ISO, hapa 1/400. Wewe unataka f/5.6 na shata 1/200. Kutoka f/16 kufungua mpaka f/5.6 umeongeza stopu 3, na shata kutoka 1/400 kushuka 1/200 imeongeza stopu 1. Jumla 4. Hizo stopu 4 lazima ziliwe na kitu, na ND ya 1/16 inakula stopu 4 kamili.

Huna haja ya kuijua ISO ya kamera yako kwa uhakika. Anza na ND ya 1/16. Ikikulazimisha kufunga zaidi ya f/8, nenda 1/64. Ikikulazimisha kufungua zaidi ya f/2.8, rudi 1/4.

Umefaulu kama picha ina mwanga unaokaribia kufaa, tundu liko kati ya f/4 na f/5.6, na unaweza kulisogeza stopu 2 kila upande bila kugonga mwisho.

## Hatua ya 5: Acha kuiamini skrini, washa zebra

Juani macho yako yamejikaza. Skrini inaonekana nyeusi, kwa hiyo unafungua tundu mpaka ionekane vizuri, na ukifika nyumbani video yote imeungua. Katika makosa yote, nadhani hili ndilo limeharibu rekodi nyingi zaidi. Wengine huongeza mwanga wa skrini yenyewe, na hapo kosa linageuka: wanaziba tundu, video inatoka nyeusi.

Zebra ni milia ambayo kamera inaichora kwenye skrini juu ya sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga. Hairekodiwi, ni ya macho yako tu. Kiwango hupimwa kwa asilimia, kutoka 0 ya weusi mpaka 100 ya weupe wa mwisho. Iweke 95. Itakapotokea, inakuambia: hapa ukiongeza kidogo, hakuna kitu kitakachobaki ndani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna ushauri mmoja unaorudiwa kila mahali na unawapoteza watu. Unasema weka zebra 70, kisha fungua tundu mpaka milia iguse uso. Kipimo hicho kilitokana na ngozi nyeupe. Ukimfanyia hivyo mchezaji mwenye ngozi nyeusi, unalazimika kufungua karibu stopu nzima zaidi ya inavyostahili. Ngozi inatoka ya majivu, mng'ao wa jasho unageuka mabaka meupe, na jezi inaungua. Mtu amekuwa rangi ambayo si yake.

Ngozi nyeusi iliyopigwa na mwanga mzuri hukaa takriban kati ya 40 na 55. Ya maji ya kunde hukaa 50 hadi 60. Nyeupe hukaa 60 hadi 70. Viwango hivi ni vya kuangalia kama umekaribia, visikufanye ubadilishe tundu kila sura mpya inapoingia kwenye fremu. Jua linalowaangukia wachezaji wote ni moja. Ukiliweka sawa kwa mmoja, mwenye ngozi nyeusi atatoka mweusi na mwenye ngozi nyeupe atatoka mweupe, kila mtu na rangi yake. Tofauti iliyopo kati yao ni ya kweli, iache ibaki.

Kama kamera haina zebra, tafuta histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga wa picha, weusi kushoto na weupe kulia. Ule mlima wake usibanwe kwenye ukuta wa kulia. Vinundu vichache vinavyougusa ukuta ni mng'ao tu, lakini mlima mzima ukilalia ukuta, umeunguza picha.

## Hatua ya 6: Mpime mchezaji katika mwanga wa mchezo

Fanya hivi wakati wa kupasha misuli. Mchague mchezaji aliyevaa jezi nyeupe au ya rangi nyepesi kuliko zote, aliyesimama sehemu yenye jua ambako mchezo mwingi utachezwa. Mvute mpaka kiwiliwili chake kijaze fremu.

Fungua tundu polepole mpaka zebra ya 95 itokee kwenye mikunjo inayong'aa zaidi ya jezi, mabegani hasa. Kisha rudi nyuma kidogo mpaka itoweke, kama theluthi moja au nusu ya stopu. Umepata kiwango cha juu ambacho jezi nyeupe inaweza kubeba. Kwa wenye ngozi nyeusi hiki ndicho kiwango unachokitaka, kwa sababu kinawapa mwanga wote unaopatikana bila kuua jezi.

Sasa tazama uso. Kama kamera ina zebra ya pili, iweke 50 na uone kama inagusa paji la uso au shavu lililo juani. Kama haina, funga jicho moja, jifunike kitambaa cheusi, subiri nusu dakika macho yazoee, ndipo utazame. Jiulize kama unaziona tundu za macho. Ukiona giza tupu chini ya nyusi saa sita mchana, hilo ni jua la utosini na halitibiki kwa tundu peke yake. Unaweza kufungua robo ya stopu hivi, usizidishe.

Pasipo jezi nyeupe, tumia majani. Majani mabichi yaliyopigwa na jua yanakaribia kijivu cha kati ambacho kamera inakitafuta. Yajaze kwenye fremu, rudisha tundu kwenye otomatiki kwa sekunde moja, kisha lirudishe kwa mkono likiwa limeganda pale pale. Kamera nyingi zina kitufe cha kubonyeza na kuachia kwa kazi hii. Angalia majani yasiwe na umande wala mng'ao wa plastiki.

Pasipo majani, kiganja. Kinyooshe mbele ya lenzi, kielekee jua linalowapiga wachezaji, kijaze fremu, pima, kisha fungua stopu moja. Kiganja kina mwanga wa takriban stopu moja zaidi ya kijivu cha kati, na viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao zinavyotofautiana. Kadi ya kijivu hutumika hivyo hivyo, ila kwa hiyo hufungui chochote baada ya kupima.

Onyo: zebra itatokea kwenye kofia ngumu, vipara, vyuma vya goli na miwani. Iache. Kioo na chuma vikipigwa na jua huungua kwenye kamera yoyote, na ukivifukuzia utawazamisha watu gizani.

## Hatua ya 7: Rekodi sekunde 30 na uzitazame kivulini

Rekodi fremu pana ya uwanja wote, kisha mvute mchezaji, kisha fuata mtu anayekimbia kutoka upande hadi upande. Ichukue kamera kivulini, au ujifunike, utazame ulichorekodi.

Unatafuta vitu vitatu. Namba mgongoni mwa jezi nyeupe isomeke. Uso uwe na macho. Na picha isibadilike mwanga hata kidogo ulipovuta lenzi. Kimojawapo kikikosekana, unajua hatua ya kurudia: namba ikifutika ni ya 6, picha ikiingia giza unapovuta ni ya 4, na mwanga ukipanda na kushuka wenyewe ni ya 2.

Andika namba zako kwenye karatasi: ND, tundu, shata, geini, saa. Mtu akigonga kitufe kwa bahati mbaya katikati ya mchezo utazirudisha kwa sekunde tatu.

## Hatua ya 8: Mchezo ukianza, sogeza kitu kimoja tu

Kuanzia kipyenga cha kwanza unabaki na gurudumu la tundu peke yake. ND ukiibadilisha, picha inaruka. Geini ukiipandisha, unaleta chenga. Shata tumeshaifunga. Weka kidole kwenye gurudumu hilo na ukiache hapo.

Wingu likipita. Wingu zito linaweza kula stopu 2 hivi, lakini linakuja taratibu. Usilikimbilie. Jicho la mtazamaji linategemea wingu lipunguze mwanga, kwa hiyo fidia nusu tu ya kilichopotea, tena wakati mpira unasafiri au kamera inageuka. Mabadiliko yakifanyika kamera ikiwa imetulia, kila mtu anayaona.

Uwanja wenye nusu jua na nusu kivuli. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na ndipo otomatiki inapoaibisha: mpira ukivuka mstari wa kivuli, picha inalipuka au inazama kwa sekunde mbili nzima. Kati ya jua na kivuli kuna stopu 2 hadi 4, na kamera ya kawaida haiwezi kuonyesha vyote viwili vizuri.

Pima pande zote mbili kabla ya mchezo. Tuseme juani umepata f/8 na kivulini f/2.8, tofauti ya stopu 3. Usitembee kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tumia f/8 kwa juani, na mchezo ukiingia kivulini fungua mpaka f/4 au zaidi kidogo. Kivuli kitabaki kivuli, nyuso zitaonekana, na sehemu ya jua iliyobaki kwenye fremu haitaungua vibaya mno. Zungusha gurudumu mpira unapouvuka mstari, wala si baada yake. Fanya mazoezi mara kumi wakati wa kupasha misuli, na kidole kitajifunza umbali wenyewe.

Mambo mawili yanasaidia hapa. Fremu ibane zaidi, ili iwe na jua tupu au kivuli kitupu. Na kama menyu ina kipengele kilichoandikwa KNEE, kiwashe. Kinaukunja weupe wa juu taratibu badala ya kuukata ghafla, na kinakuokolea karibu stopu nzima kwenye sehemu zinazong'aa.

Jua likishuka. Kila dakika 20 kagua zebra kwenye jezi nyeupe. Mwanga wa jioni hupungua polepole mno, macho yanauzoea bila kuhisi. Mapumziko ndiyo wakati wa kubadilisha ND, kutoka 1/16 kwenda 1/4, na kurudisha tundu karibu na f/4.

## Theluji, mchanga na maji

Mambo yote hapo juu yanabaki, ila kamera inadanganywa zaidi. Theluji ikijaza fremu, otomatiki huifanya kijivu na mtu anayeteleza juu yake anakuwa kama sanamu ya mkaa. Ukitaka kuanzia kipimo cha kamera, ipime theluji yenyewe kisha ufungue stopu 1.5 hadi 2. Mchanga mweupe wa ufukweni huhitaji takriban stopu 1. Zote mbili zitakudai ND ya 1/64.

Lakini theluji na mchanga zina zawadi: hurusha mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya uso. Nyuso za wachezaji wa voliboli ya ufukweni saa sita mchana hutoka vizuri kuliko za wanaocheza kwenye majani, mradi umepima ngozi.

Maji ni tabu nyingine. Mimuliko yake inahama kila sekunde, kwa hiyo usipime chochote kwenye maji. Pima muogeleaji akiwa amesimama ukingoni. Filta ya kupunguza mng'ao, ile ya polarizi inayozungushwa, husaidia sana hapa na hula stopu 1.5 hadi 2 yenyewe, hivyo ihesabu kama sehemu ya ND yako. Itegee mng'ao ukiwa umepungua, kisha usigeuze kamera mbali sana na upande huo, kwa sababu nguvu yake hubadilika kulingana na pembe ya jua.

## Kama kamera yako haina vitufe

Kamera ndogo nyingi hukuachia kitu kimoja tu cha mwanga: kugusa skrini mahali unapotaka papimwe, na labda kijiti cha kuongeza au kupunguza. Hicho kimoja kinatosha kwa kazi nyingi.

Anza na hali ya michezo, kwa sababu inaipa shata kasi inayofaa. Kwenye theluji au mchanga, tafuta hali yenye alama ya theluji au ufukwe. Kisha vuta mpaka mchezaji ajaze fremu, gusa kifua chake na ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli itokee. Kamera imeganda hapo. Akiwa na jezi nyeupe, ongeza stopu 1. Akiwa na jezi nyeusi, punguza stopu 1. Akiwa na jezi ya kijani au nyekundu ya kawaida, acha ilivyo. Sasa rudisha fremu pana urekodi.

ND ya kufunga mbele ya lenzi inafaa hata hapa, pengine kuliko kwenye kamera kubwa. Bila hiyo kamera ndogo haina njia ya kupunguza jua isipokuwa kuziba tundu na kupandisha shata, nawe hujui imefanya lipi. Funga ND ya 1/4 au 1/8, gusa, funga kufuli, kisha rekodi mtu anayepiga hatua na usimamishe fremu. Miguu ikiwa na ukungu kidogo wa mwendo, shata imeshuka mahali pake. Ikiwa mikali kama imechongwa, ongeza ND moja na ujaribu tena.

Kufuli hilo hufunguka kwenye kamera nyingi unapoizima, na kwenye baadhi hata unapoacha kurekodi. Kwa hiyo kila unapobonyeza kitufe chekundu, tazama kama alama ya kufuli bado ipo.